HOTUBA YA KATIBU: MLANGO ULIKWAMA, NYUMBA HAIKUANGUKA

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya mkutano wa wanachama. Tunaibandika hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani. Asiyejua kusoma amwombe mwenzake amsomee, na anayejua asome kwa sauti.)

Ndugu Mwenyekiti,
Ndugu wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji,
Ndugu wanachama wa ushirika wetu, wazee, akina mama na vijana,

Tumepewa nafasi ya kusema juu ya bima ya afya. Jambo hili limezua maneno mengi hapa kijijini. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Lakini waandikishaji walipofika hapa na simu zao, kazi ilikwama. Mara mtandao hakuna, mara namba ya kitambulisho inakataliwa, mara simu inazunguka tu. Watu waliacha palizi, wakakaa chini ya mwembe mpaka jioni, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Tangu siku hiyo tunasikia maneno ya namna tatu. Wako wanaosema, "Bima yenyewe uongo mtupu." Wako wanaosema, "Mimi mzima, ya nini nisumbuke?" Na wako viongozi wanaojibu, "Vumilieni, mambo yako mbioni." Maneno yote matatu hayamtibu mtu.

Katika darasa letu la kisomo cha watu wazima liliulizwa swali zuri: je, jambo hili limetukuta sisi tu kwa kuwa ni wakulima wa kijijini? Hapana, ndugu. Liliwakuta Wamarekani mwaka 2013, tena kwa kishindo kikubwa. Leo tutaeleza lilivyotokea kule, watu walivyolipokea na lilivyokwisha, ili sisi tuamue jambo letu kwa akili na si kwa hasira.

KWA NINI WALITAKA BIMA

Msidhani kwamba Marekani ikiwa nchi ya fedha, basi kila mtu kule anatibiwa bila taabu. Wazee wa miaka 65 na zaidi wana mpango wao wa serikali, na maskini wengi wana mpango mwingine. Mipango yote miwili ilianza kwa sheria ya mwaka 1965. Wafanyakazi wengi hupata bima kwa mwajiri. Lakini kibarua, mwenye duka dogo, mkulima anayejitegemea na aliyeachishwa kazi, hao walijitafutia wenyewe. Na kampuni ya bima iliweza kumkataa mtu kwa sababu tu aliwahi kuugua. Yaani anayehitaji dawa ndiye anayefungiwa duka. Mwaka 2012 watu wapatao milioni 48 hawakuwa na bima ya aina yoyote.

Tarehe 23 Machi 2010 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria ya kurekebisha hali hiyo. Sheria ilisema kampuni isimkatae mgonjwa. Ilisema mwenye kipato kidogo asaidiwe kulipa. Ilisema pia kila mtu awe na bima, na asiye nayo atozwe faini. Faini hiyo ilikuja kuondolewa kuanzia mwaka 2019, lakini wakati ule ilikuwepo.

Sasa watu wangenunulia wapi? Likaundwa soko kwenye intaneti, lenye jina HealthCare.gov. Mtu angefungua kompyuta, akajiandikisha, akaona bima zinazouzwa jimboni kwake na bei zake, akaambiwa serikali itamsaidia kiasi gani, akachagua. Majimbo 14 na mji mkuu, Washington, walijenga masoko yao wenyewe. Majimbo 36 yalitegemea soko la serikali kuu. Hapo ndipo penye habari yetu.

SIKU YA KUFUNGUA

Soko lilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013. Siku ya kwanza watu zaidi ya milioni 4 walibisha hodi. Serikali ilisema palikuwa na wakati ambapo watu 250,000 walikuwa mlangoni kwa pamoja, na matayarisho yalikuwa ya watu 50,000 mpaka 60,000 tu. Mtambo ukasimama. Kurasa hazikufunguka, majibu hayakuja, majina yakapotea katikati ya safari. Kumbukumbu za ndani za maofisa, ambazo Bunge lao lilizitoa hadharani baadaye, zilionyesha kwamba siku ile ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha mpaka mwisho walikuwa watu 6. Ndiyo, ndugu, sita, katika majimbo 36. Mpaka mwisho wa siku ya pili walikuwa 248.

Wingi wa watu peke yake haukuwa sababu. Tutoe mfano wa ghala letu. Siku ya ununuzi wa mazao tukiwa na mzani mmoja, foleni inafika barabarani. Hilo ni tatizo la kwanza. Sasa tuseme karani wa mzani ameamriwa kwamba, kwa kila gunia, kabla ya kupima amtume mtu kwa Mtendaji, kwa bwana shamba na benki, na asubiri wote warudi. Mmoja akichelewa, foleni yote imesimama. Ndivyo mtambo ule ulivyokuwa. Kwa kila mtu ulipaswa kuuliza ofisi ya kodi juu ya kipato chake, kuuliza ofisi nyingine kama namba yake ni sahihi, na nyingine tena kama ni raia au mkazi halali.

Tena waliweka kikwazo kingine mlangoni. Mtu hakuruhusiwa kutazama bei mpaka afungue akaunti kwanza. Ni kama duka ambalo mlinzi anakuzuia nje mpaka ujaze fomu, wakati wewe ulitaka tu kujua sukari inauzwaje. Aliyekuja kutazama na aliyekuja kununua wote wakabanwa katika tundu moja.

WATU WALIVYOPOKEA

Hapa tusikilize vizuri, kwa sababu ndipo tunapojiona wenyewe.

Kwanza ilikuja dhihaka. Tarehe 7 Oktoba waziri wa afya wa wakati ule, Kathleen Sebelius, alikwenda kwenye kipindi cha televisheni cha mchekeshaji Jon Stewart. Mchekeshaji akatoa kompyuta mbele yake, akamwambia washindane: yeye atajaribu kushusha filamu zote zilizopata kutengenezwa duniani, na waziri ajaribu kujiandikisha bima, tuone nani atamaliza mbele. Watu wakacheka. Kiongozi kuchekwa kwa kazi mbovu si dhambi, ni haki ya wananchi.

Lakini dhihaka ikipita kiasi hupiga wasiohusika. Kwenye ukurasa wa kwanza wa soko lile palikuwa na picha ya dada mmoja anatabasamu. Akachekwa nchi nzima, mpaka picha ikaondolewa. Huyo dada hakutunga sheria wala hakujenga mtambo, kosa lake lilikuwa kutabasamu tu. Ndugu, na sisi tujiulize yule kijana mwandikishaji aliyetukanwa pale chini ya mwembe alikata mtandao yeye?

Pili ulikuja ugomvi wa siasa. Sheria ile ilikuwa na wapinzani wakali. Siku ileile ya 1 Oktoba shughuli nyingi za serikali kuu zilifungwa, kwa sababu Bunge halikukubaliana juu ya matumizi ya fedha, na sheria hiyo ya bima ndiyo ilikuwa kiini cha ugomvi. Zilifungwa siku 16. Kwa hiyo waliopinga walipoona mtambo umekwama walisema, "Tuliwaambia sheria hii mbovu." Na waliounga mkono, wengine walisema, "Hakuna tatizo, ni wingi wa watu tu." Huku wakivutana, mtu mwenye ugonjwa wa sukari alikaa mbele ya kompyuta akingoja.

Tatu ilikuja hasira ya kuvunjiwa ahadi. Rais alikuwa amewaahidi watu kwamba anayependa bima yake ya zamani atabaki nayo. Mwaka huohuo mamilioni wakapokea barua kwamba bima zao zinafutwa, kwa kuwa hazikufikia kiwango cha sheria mpya. Basi mtu ameambiwa ya zamani imefutwa, na soko la mpya halifunguki. Aende wapi? Tarehe 7 Novemba Rais aliomba radhi kwenye televisheni, na wiki iliyofuata akaruhusu kampuni ziendeleze bima zile kwa mwaka mmoja zaidi.

Nne, na hawa hawakupigiwa makelele, walikuwepo watu waliovumilia kwa vitendo. Walipiga simu, walijaza fomu za karatasi, walikwenda kwa wasaidizi waliofundishwa kazi ya kuandikisha. Wakirudishwa, walirudi tena.

KAPU LA WOTE

Ndugu wanachama, hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu.

Nani hurudi mara kumi kwenye mlango uliokwama? Ni mgonjwa. Ni mama mwenye mtoto wa kifafa, ni mzee wa shinikizo la damu. Hao hawana njia nyingine. Na nani huondoka baada ya mara ya kwanza? Ni kijana mzima, mwenye nguvu zake, anayesema ugonjwa ni wa wengine.

Bima ni kapu. Wazima na wagonjwa wote wanatia, anayeugua anachukua. Chama chetu cha kufa na kuzikana tunakijua. Kila mwezi tunatoa, na msiba si wetu. Siku moja unakuwa wetu, kapu linatutunza. Je, wangebaki wanachama wale tu wenye wagonjwa mahututi nyumbani, kapu lingefika mwisho wa mwaka? Lingekwisha mwezi wa pili, na mchango ungepanda mpaka nao washindwe.

Hiyo ndiyo hofu iliyowashika Wamarekani waliofahamu mambo mwaka 2013. Mtambo mbovu wa mwezi mmoja unatengenezeka. Lakini wazima wakiondoka kwa hasira na wasirudi, kapu lenyewe litaharibika, na hakuna fundi wa kompyuta atakayelitengeneza. Kwa hiyo anayesema, "Nimeshindwa siku moja, basi siwataki tena," asidhani anaikomoa serikali. Anapunguza kapu la mama wa jirani yake, na kesho yake mwenyewe.

Hatusemi watu wasikasirike. Tunasema iko hasira ya kudai na iko hasira ya kuondoka. Ya kudai inatengeneza, ya kuondoka inavunja.

HABARI MBAYA HAIKUPANDA JUU

Sasa tuseme upande wa viongozi, maana mzigo mkubwa ulikuwa wao.

Mtambo ule ulikuwa na makampuni zaidi ya 50, kila moja na kipande chake. Ofisi ya serikali iliyosimamia ilijitwika yenyewe kazi ya kuunganisha vipande vyote. Majira ya kuchipua ya mwaka 2013, miezi kadhaa kabla ya ufunguzi, washauri waliokodiwa walionya kwamba muda wa majaribio haukutosha. Jaribio la mtambo mzima, tangu mlango wa mbele mpaka wa nyuma, lilifanyika wiki mbili za mwisho tu. Siku chache kabla ya kufungua, walijaribu kwa watu mia kadhaa wa kuigiza, mtambo ukaanguka. Hata hivyo walifungua. Tarehe ilikuwa imekwisha tangazwa, na hakupatikana wa kusema, "Ngojeni kwanza."

Mkaguzi wa wizara yenyewe alipoandika taarifa yake mwaka 2016, alisema kasoro kubwa ilikuwa kutokuwa na uongozi ulio wazi. Watu wengi walishika kamba, hakuna aliyejua nani mwenye ng'ombe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ofisa wa chini aliona ufa, wa katikati akaupaka chokaa, wa juu akauona ukuta mweupe, akafurahi.

Tarehe 30 Oktoba 2013 Waziri Sebelius alisimama mbele ya kamati ya Bunge, akasema yeye ndiye wa kuulizwa. Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kwamba anajiuzulu.

WALIVYOTENGENEZA

Mwezi wa Oktoba ulipokwisha, katika majimbo yale 36 walikuwa wameandikishwa watu wasiofika 27,000. Nchi nzima, pamoja na majimbo yenye masoko yao, walikuwa kama 106,000.

Ndipo akawekwa msimamizi mmoja, Jeffrey Zients, na kampuni moja ikapewa kazi ya kusimamia mafundi wote. Wakaitwa pia mafundi kutoka nje ya serikali. Mmoja wao, Mikey Dickerson, aliyetoka kampuni ya Google, aliweka masharti ya mikutano ambayo sisi tungeyaandika kwenye ukuta wa ofisi yetu. La kwanza: mkutano ni wa kutatua matatizo, wa kulaumiana autafute mahali pengine. La pili: aseme anayelijua jambo zaidi, hata kama cheo chake ni kidogo. Walikutana kila siku. Waliorodhesha kasoro moja moja, wakaziondoa zaidi ya 400 hadi mwisho wa Novemba. Waliruhusu watu kutazama bei bila akaunti. Waliweka utaratibu wa foleni, ili watu wakizidi waambiwe wangoje, kuliko wote kukwama.

Jambo moja tulikumbuke. Watu waliambiwa watumie karatasi, lakini fomu zile za karatasi nazo mwishowe zilipaswa kuingizwa na makarani katika mtambo uleule. Ukifungua mlango wa pili, hakikisha hauingii katika chumba kilekile kilichokwama.

Tena si kila mahali walianguka. Jimbo la Kentucky lilijenga mfumo mwepesi, likaujaribu mapema, na watu wakajiandikisha tangu siku za mwanzo. Jimbo la Oregon lilitaka mfumo wa fahari, ukashindwa kabisa kumwandikisha mtu kwenye intaneti toka mwanzo hadi mwisho. Wakaajiri mamia ya vibarua wa kushughulikia karatasi, na Aprili 2014 wakauacha, wakajiunga na soko la serikali kuu, lile lile lililokuwa limechekwa.

Mwisho wa Desemba 2013 nchi nzima walikuwa wamefika zaidi ya milioni 2. Kufikia tarehe 19 Aprili 2014 walikuwa milioni 8, wakati makadirio ya mwanzo yalikuwa milioni 7. Katika hao, 28 kwa kila 100 walikuwa vijana wa miaka 18 mpaka 34. Wale wazima walirudi. Kwa hesabu ya ofisi ya sensa, wasio na bima walipungua kutoka karibu milioni 42 mwaka 2013 hadi milioni 33 mwaka 2014. Mlango ulikwama, nyumba haikuanguka.

Lakini milioni 33 bado ni watu wengi. Wala tusijifariji kwamba kila kinachokwama hutengemaa chenyewe. Kile kilitengemaa kwa kuwa wananchi walidai, na viongozi, ingawa kwa kuchelewa, walikubali kuulizwa.

SISI TUFANYE NINI

Ndugu wanachama, tunapendekeza mambo matano, na mkutano ndio utakaoamua.

Mosi, karani wa ushirika afungue daftari. Kila aliyerudishwa aandikwe jina, tarehe na sababu: mtandao, namba, au jambo lingine. Daftari lipelekwe kunakohusika kila wiki, na nakala ibandikwe hapa ukutani. Malalamiko ya mdomo hupeperuka, ya daftari hukaa.

Pili, fedha isitolewe kwa mtu yeyote bila stakabadhi. Daftari ni la majina tu, si la kukusanya michango.

Tatu, tudai kuambiwa jina la mtu mmoja wa kuulizwa. Tusitupwe kama mpira, huyu aseme nenda kwa yule, na yule aseme rudi kwa huyu.

Nne, viongozi waseme kweli mapema. Kama kesho mtandao hautakuwepo, watu waambiwe leo jioni, wasiache mashamba yao bure. Na mwandikishaji akiona kasoro aseme bila kuogopa, nasi tusimtukane.

Tano, vijana. Ninyi ndio tunaowaomba zaidi. Mtambo ukifunguka msiwaachie wazee na wagonjwa peke yao. Na ninyi mnaojua simu kuliko sisi, njooni darasani jioni mtufundishe kusoma ujumbe unaotoka, ili mtu ajue kama ameandikwa kweli au ameambiwa tu. Wengi wetu tulishika kalamu tukiwa watu wazima, hatuoni haya kuanza tena.

Wako wanaotaka ushirika utangaze leo kwamba tunaisusia bima. Wana haki ya kusema, na sababu wanazo. Lakini tunawaomba wamtazame mama aliyeuza mbuzi wawili mwaka jana kulipia matibabu ya mtoto, na mbuzi wa tatu hakuwa naye. Tukisusia, tumemwambia nini?

Kura itapigwa Jumamosi, saa 4 asubuhi, hapa ghalani. Kila kaya ilete mtu mmoja, na wale wenye hasira waje kwanza, maana tunawahitaji kwa ajili ya lile daftari.



Katibu